Fimbo Iliyotupwa Ikaokotwa

Mjukuu wangu alirudi likizo na habari kwamba huko Ulaya ziko nyumba kubwa zilizojengwa kwa ajili ya vitu vya zamani tu. Hakuna anayelala ndani yake wala kupika. Watu huingia, wakatembea taratibu, wakatazama mikuki, vibuyu, ngoma na vigoda vya mababu wa watu wengine. Mwalimu wao alikuwa amewaambia kwamba hata vitu vya Ugogo vimo humo, vilichukuliwa wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, na vimetunzwa vizuri. Waliokuwa wakila pale uani wakafurahi. Mmoja akasema, "Basi angalau havikupotea."

Mimi nilichukua ungo wangu nikaenda kupepeta uwele nyuma ya nyumba. Sikutaka mtoto aone uso wangu. Katika mojawapo ya nyumba hizo, kama moto haujaiunguza, iko fimbo ya mama mkwe wangu. Fimbo ile haikutengenezwa ili itunzwe. Ilitengenezwa ili ipotee.

Niliolewa Nzuguni baada ya reli kufika Dodoma. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti nzito na ulimi usio na mfuniko. Siku aliyonipokea alitazama mikono yangu kwanza. "Uso tutauzoea," alisema, "lakini mikono ndiyo itakayonilisha." Nilidhani ananichukia. Baadaye nikajua kwamba ndivyo alivyowapenda watu, kwa kuwachokoza.

Kisha ukaja ugonjwa wa ng'ombe. Walianza kutoa machozi, wakaharisha, wakalala chini wasiinuke tena. Harufu ilijaa kwenye tembe hata ugali ulikuwa haupiti kooni. Kwetu mtu asiye na ng'ombe hana la kusema mbele ya wenzake. Hana mahari ya mwanawe, na mvua ikikosekana hana pa kukimbilia. Wanaume walichinja, wakaita waganga, wakafukiza majani. Ng'ombe waliendelea kufa.

Dawa za wanaume zikishindwa, wanawake huutoa ugonjwa kwa ngoma. Hiyo ilikuwa mila na utaratibu wa tangu zamani. Tuliwavua waume zetu shuka tukavaa sisi. Tulishika mikuki na fimbo zao, tukapeleka malishoni ng'ombe waliobaki. Wanaume walikaa nyumbani wakisaga na kubembeleza watoto, na hawakuruhusiwa kucheka. Siku ya mwisho kiongozi wetu angepitisha fimbo yake juu ya mgongo na pua ya kila ng'ombe, kisha tungeimba kuelekea machweo mpaka tuuvuke mpaka wa nchi yetu. Huko kuna dimbwi kubwa. Fimbo zote hutupwa humo, na wanawake hurudi bila kugeuka nyuma. Fimbo huoza majini, na ugonjwa huoza pamoja nazo.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Leo mimi ni Mkristo, nimesoma vitabu vichache vya misheni, na siandiki haya ili mtu ayaamini. Naandika kwa sababu mama mkwe wangu aliyaamini, na imani hiyo ndiyo iliyomla.

Kiongozi alikuwa mama mkwe wangu. Alikata fimbo ya mti wa mkole, akaizungushia ukanda wa ngozi ya ng'ombe wetu wa kwanza kufa. Alipovaa shuka ya baba mkwe wangu alisimama kwa mguu mmoja, kama wachungaji wanavyosimama, akaita kwa sauti ile nzito, "Mke wangu! Uji haujaiva tu?" Mzee alikuwa kwenye jiwe la kusagia, jasho linamtoka. Akauma midomo asicheke.

Tulikuwa malishoni hivyo, siku moja kabla ya kwenda dimbwini, akida wa Wadachi alipotukuta. Alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu na fimbo ya mpingo, na askari mmoja nyuma yake. Alitutazama mpaka akaishiwa na macho.

"Hamsalimii?" akauliza.

"Wanaume wenzako tuko kazini," mama mkwe wangu akamjibu. "Utatusalimu wewe uliyetukuta."

Tulicheka sana. Akida naye akacheka, nikadhani ameenda zake na mambo yamekwisha. Kesho yake asubuhi jumbe wetu alikuja hana raha. Bomani Dodoma kulikuwa na sikukuu ya Kaisari. Wageni walikuwa wamekuja kwa gari moshi kutoka pwani, na ngoma zilikuwa zimeitwa kutoka kila upande, hata Haneti. Akida alikuwa amemsimulia Mdachi habari zetu, Mdachi akapenda. Wanawake wa Nzuguni waende siku hiyohiyo na mavazi yao ya kiume, wakacheze mbele ya wageni.

"Wakikataa?" mama mkwe wangu aliuliza.

Jumbe alijishika mgongo tu, na sote tulijua kiboko hupita wapi.

Wanawake wakakaa chini ya ukuta wa tembe wakabishana. Wifi yake mama mkwe, dada wa baba mkwe wangu, hakutaka kabisa. Wale wawili hawakuwahi kukubaliana hata juu ya chumvi.

"Ngoma hii si ya kuchezewa wageni," wifi alisema. "Ina njia yake. Inakwenda dimbwini."

"Dodoma si iko machweo?" mama mkwe wangu alisema. "Tunakwenda hukohuko."

"Tucheze, halafu tuendelee dimbwini?"

"Hapana. Ugonjwa tutautupa palepale bomani."

Wote wakamgeukia. Yeye akaendelea, na nilimwona anavyolifurahia wazo lake, kama mtu aliyeokota asali. "Tunatupa wapi kila mara? Nje ya nchi yetu. Ule uwanja ndani ya ugo wa boma ni wetu? Unaweza kuingia kuchuma mlenda? Unaweza kuchunga hata mbuzi? Basi ule ni ugenini. Mpaka wetu unaishia pale ugo wao unapoanza."

"Tangu lini mpaka ukawa katikati ya nchi?" wifi akauliza.

"Tangu walipoujenga."

Kicheko kililipuka. Mtu akasema, "Wametuita wenyewe, wajilaumu." Mwingine akasema kwamba ng'ombe watano wamelala zizini mwake wakati tunaongea, na dimbwi liko mbali. Wifi alisimama akajikung'uta. "Haya, mwanamume," alimwambia wifi yake, "tutaona." Lakini alikwenda nasi. Mama mkwe wangu aliingia mazizini, akapitisha fimbo yake juu ya kila mgongo na kila pua iliyokuwa bado inapumua, ute ukashika kwenye ule ukanda wa ngozi. Tukaondoka tunaimba.

Nilikuwa sijawahi kuingia bomani. Viti vilikuwa vimepangwa kivulini chini ya turubai. Bendera ilikuwa juu, na askari walipiga tarumbeta zao zikanyamaza. Watu wa Haneti walicheza kwanza, wakiruka na njuga miguuni. Kisha wakaja wapiga zeze, vijana kwa wazee, wameketi mstari mmoja, na nilisikia uchungu kuona wimbo wa jioni za nyumbani ukipigwa mchana mbele ya watu wanaokunywa bia. Kila wimbo ulikatishwa kwa kupigiwa makofi kabla haujaisha.

Zamu yetu ilipofika wageni walisimama ili watuone vizuri. Mzungu mmoja mwanamke alijifunika mdomo kwa kitambaa, mabega yanatikisika. Tulichunga ng'ombe wasiokuwepo. Tulichoma mikuki hewani. Mama mkwe wangu alikwenda mbele yetu, na kadiri alivyokaribia viti ndivyo uso wake ulivyobadilika. Mzaha ulikuwa umemtoka. Aliimba sehemu ile ya mwisho ambayo huimbwa kwenye ukingo wa dimbwi tu. Kisha akaitupa fimbo yake miguuni mwa wageni. Sisi sote tukatupa zetu, tukageuza migongo tukatoka.

Nyuma yetu makofi yalilia kama mvua ya mawe. Hakuna aliyegeuka. Tulikuwa tumepita lango, na mmoja wetu alikuwa ameanza kuvuta pumzi ya kupumzika, akida alipotukimbilia akasimama mbele yetu anahema.

"Mmeshinda! Mmewashinda wote! Yuko mgeni mmoja, mzee msomi, anakusanya vitu vya nyumba ya kumbukumbu huko kwao. Ameokota fimbo yako, mama. Ile yenye ngozi. Hataki kuiachia."

Mama mkwe wangu alimtazama kama hajamwelewa. "Ameokota?"

"Kwa mkono wake mwenyewe."

"Mwambie airudishe chini."

"Wewe umeitupa, sasa unaitaka?"

"Siitaki," alisema. "Nataka na yeye asiitake."

Akida alicheka akarudi ndani. Askari wa langoni hakutuacha tuingie tena.

Tulilala kwa jamaa zetu karibu na kituo, na kulipopambazuka mama mkwe wangu alinishika mkono tukaenda kwenye gari moshi. Wifi yake alitufuata kwa mbali. Mgeni tulimkuta ameketi juu ya kasha kando ya reli, akida yuko naye. Alikuwa mzee mwenye miwani na ndevu nyeupe, na lazima niseme kweli, alikuwa mpole. Alipotuona aliinuka na kuvua kofia. Sijawahi kuona mzungu mwingine wa wakati ule akimvulia kofia mwanamke wa Kigogo.

"Mwambie," mama mkwe wangu alimwambia akida, "fimbo ile ina ugonjwa ndani. Ngozi ile ni ya ng'ombe aliyekufa. Tumeufuta ugonjwa wote humo. Asiende nayo. Aniachie mimi nikaitupe majini."

Akida alisita, lakini alitafsiri yote; niliona kwenye uso wa mgeni kwamba alitafsiri yote. Mzee yule alifurahi. Alipiga makofi kidogo kwa vidole, akafungua kasha. Fimbo ilikuwa imelazwa kwenye majani makavu, imefungwa kwa karatasi laini, kama mtoto mchanga. Aliuliza maswali mengi. Ni mti gani? Nani huruhusiwa kuishika? Wimbo unasemaje? Kila jibu la kumkataza lilizidi kumpendeza.

"Anasema usiwe na hofu," akida alieleza. "Huko haitaguswa na mtu. Itawekwa ndani ya kabati la kioo. Watu wataitazama tu."

"Wataitazama. Mpaka lini?"

"Daima."

"Haitaoza?"

Akida akauliza, akajibiwa. "Anasema wanazo dawa. Haitaoza."

"Wala mchwa?"

"Kule hakuna mchwa."

Mama mkwe wangu aliketi chini, palepale kwenye mchanga wa reli. Nilidhani amezirai, lakini macho yalikuwa wazi. Mgeni akadhani hajaridhika na asante ya mdomo. Aliagiza kitu, mtumishi akaleta nguo nyeupe ya merikani, mpya, nzito, imekunjwa. Aliinama akamwekea mapajani kwa mikono miwili. Yeye akaiondoa akaiweka chini.

"Mama, ichukue," akida alinong'ona, na safari hii hakuwa anacheka. "Zawadi ya mgeni wa boma ikiachwa chini ni dharau. Wewe hawatakupiga. Watampiga jumbe wenu."

Wifi yake ndiye aliyeiokota. Aliiweka chini ya kwapa, akamwinua wifi yake kwa mkono mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakumwambia neno lolote la kumsimanga. Tulirudi Nzuguni. Tulisikia gari moshi likilia nyuma yetu, likielekea pwani.

Ugonjwa wa ng'ombe ulikoma. Sitaficha hilo. Katika mazizi yetu alikufa ndama mmoja tu baada ya siku ile, wengine wakapona wakanenepa, na watu walikuja kumshukuru mama mkwe wangu kwa pombe na kuku. Waliimba namna alivyowatupia Wadachi maradhi na wao wakampigia makofi. Yeye alipokea kuku, akarudi ndani. Nguo aliitundika kwenye boriti ya paa, ndani kabisa, ikiwa imekunjwa vilevile. Haikuvaliwa na mtu.

"Ugonjwa umekwisha, mama," nilimwambia siku moja tukitwanga.

"Haujaisha. Kitu kinachokwisha huoza. Ule umewekwa."

Kilichomsumbua kilikuwa hiki, na alikirudia kwangu miaka ile yote maana hakuwa na mwingine wa kumwambia: alikuwa amewatupia wenye viboko bomani. Hakuwa amewatupia watoto wa mji asioujua. "Kule kuna wanawake wanaonyonyesha," alisema. "Wanapita mbele ya lile kabati. Mimi sikugombana nao." Akiona mgeni yeyote aliyetoka pwani alimwuliza kama amesikia habari za ugonjwa Ulaya. Wengi walimwona ameanza kuchakaa akili. Wifi yake aliwafukuza watu wa namna hiyo kwa mwiko wa kusongea ugali.

Kisha vita vikaja. Habari ilitufikia kupitia kwa mwalimu wa dini aliyekuwa akipita vijijini: wazungu wanauana kwao, maelfu kwa maelfu, na sasa wameleta vita hata huku. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maji. Akakiweka chini polepole.

"Ni ile," alisema.

Mwalimu akauliza ile nini. Alipoelezwa hakumcheka, Mungu ambariki. Alimwambia, "Mama, wafalme wamegombana. Ni tamaa ya wafalme tu."

"Wafalme hugombana siku zote," alimjibu. "Mbona sasa?"

Mimi nilimwambia kwamba fimbo ya mkole haiwezi kuua watu wa nchi nzima. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto anayejaribu kubeba mtungi uliomzidi. Tangu siku hiyo alikula nusu ya nilichompa, na nusu akawapa wengine.

Askari walipita mara nyingi. Walichukua ng'ombe, wakachukua uwele kwenye vilindo vya kuhifadhia nafaka, wakachukua hata ngozi tulizolalia. Mume wangu walimchukua kuwa mpagazi. Njaa ikaingia. Wifi yake mama mkwe alitangulia kufa, na yeye akamlilia kwa matusi, akimwita mvivu aliyekimbia kazi. Halafu naye akalala asiinuke. Nilikaa naye nikimpa maji kwa kidole.

"Nguo ile isiniguse," aliniambia. "Nilijua mtataka kunizika nayo. Isiniguse. Nikifa nayo nitakuwa nimeipokea."

"Sawa, mama."

"Na usiiweke."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye maana kwangu. Mengine aliwaambia watu ambao hawakuwepo.

Ndani ya tembe hakukuwa na kitu kingine cha kumfunika. Majirani waliokuja kuzika, nao ni mifupa mitupu, waliiona nguo ile juu ya boriti, nyeupe, nzima, na wakanitazama. Nilivua ngozi yangu mwenyewe niliyojifunga, ya mwisho, nikamviringisha nayo. Mimi nilijifunga gunia. Mmoja aliguna kwamba nina roho ngumu, nimembania mfu nguo. Tulimfukia kabla jua halijawa kali.

Baada ya siku kadhaa, nilipopata nguvu ya miguu, nilijifunga gunia langu kiume, kama shuka ya mume wangu, nikaifunga ile nguo kwenye fimbo yake, nikaelekea machweo. Hakukuwa na wanawake wa kwenda nami. Hakukuwa na ng'ombe wa kuchunga. Nilizunguka Dodoma kwa mbali nisikutane na askari. Nilijaribu kuimba ule wimbo, sauti haikutoka, kwa hiyo nikausema tu huku nikitembea.

Dimbwi lilikuwa limekauka. Matope yalikuwa yamepasuka kama kisigino. Nilisimama pale muda, maana hakuna aliyewahi kunifundisha la kufanya dimbwi likikosa maji. Mwisho nikatupa fimbo na nguo katikati, nikageuza mgongo.

Sijafika mbali nikasikia nyayo nyuma yangu, zikikwaruza matope makavu, na mtoto akikohoa, na mwanamke akimbembeleza. Kisha nikasikia nguo ikikung'utwa. Nilisimama. Kugeuka ni mwiko, na sikugeuka. Nilifikiri kumpigia kelele aiache. Nilifikiri habari za kasha, na majani makavu, na karatasi laini. Lakini mtoto alikohoa tena, na asubuhi zile zilikuwa na baridi ya kukata.

"Mama," nilisema, nikitazama mbele, "ukiivaa, ivae mpaka ichakae. Ifanye mbeleko, ifanye dekio, ichanike. Usiiweke."

Labda hakuijua lugha yangu. Njaa ilikuwa imeleta watu kutoka kila upande. Nilisikia nguo ikichanwa, mara moja, kwa nguvu, na baada ya hapo nikaendelea na njia yangu.